Siri ya kumbukumbu: Ubongo hulegeza breki ndipo ukumbuke

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini mtoto wako anaweza kukariri ukurasa mzima usiku wa leo, akautaja asubuhi bila kukwama, na baada ya wiki moja asikumbuke hata mstari mmoja? Na ni kwa nini mtoto huyo huyo anakumbuka, bila kufunzwa na yeyote, jina la kila mchezaji wa timu anayoishabikia?

Wengi wetu tunadhani kichwa ni kama debe: ukimimina mengi, yatabaki mengi. Ndiyo maana msimu wa mitihani unapokaribia, taa huwaka hadi alfajiri. Kahawa, na hata miraa, hutumiwa kufukuza usingizi, na wenye maduka ya dawa huulizwa kama wana tembe za "kufungua akili". Mzee wa familia naye anapoanza kusahau, kuna wanaokimbilia kumnunulia tembe kama hizo, na kuna wanaonong'ona kwamba amerogwa.

Uchunguzi uliofanywa katika maabara mbalimbali tangu miaka ya tisini unatoa picha tofauti kabisa. Ubongo si debe. Ni kama gari lililoegeshwa mlimani na kutiwa breki. Nguvu ya kutunza jambo jipya imo tayari, lakini imezuiwa. Kujifunza ni kulegeza breki hizo mahali panapofaa na kwa wakati ufaao.

Baadhi ya breki hizo ni vipande vidogo mno vya kemikali iitwayo RNA, na kazi yake ni kunyamazisha jeni. Ukielewa jinsi zinavyofanya kazi, utaelewa pia ni kwa nini kukesha hakumsaidii mtahiniwa, na ni kwa nini hupaswi kupoteza pesa zako kwa tembe za akili.

Kumbukumbu hujengwa

Ubongo wa mtu mzima una takriban seli bilioni 86 za neva. Seli hizi hazigusani moja kwa moja. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mwembamba sana, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Mahali hapo pa kupashana habari huitwa sinapsi.

Unapojifunza jambo, baadhi ya sinapsi huimarika. Seli ambazo zilikuwa zikinong'onezana sasa huzungumza kwa sauti kubwa. Lakini kuna kuimarika kwa aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya muda mfupi. Sinapsi hutumia vifaa ilivyo navyo tayari, na baada ya dakika au saa chache hurudi ilivyokuwa. Hivyo ndivyo unavyoweza kushika nambari ya simu hadi uipige, kisha ikatoweka.

Aina ya pili ni ya kudumu. Hapa sinapsi hubadilika umbo na nyingine mpya huchipuka. Kazi hiyo haiwezekani bila protini mpya, kama vile nyumba isivyoweza kuongezwa chumba bila mawe na saruji.

Jambo hili lilidhihirika katika miaka ya sitini. Bernard Agranoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwafunza samaki wadogo wa rangi ya dhahabu kuogelea upande mmoja wa tangi ili kukwepa mshtuko wa umeme. Kisha waliwadunga dawa inayozuia mwili kutengeneza protini.

Samaki waliodungwa mara tu baada ya somo walisahau yote siku chache baadaye. Waliodungwa saa moja baada ya somo walikumbuka vyema. Maana yake ni kwamba somo likisha kuingia, ubongo huwa na kazi ya ujenzi ya kufanya, na kazi hiyo ikivurugwa mapema, somo hupotea.

Mkahawa ulio ndani ya seli

Ili uelewe RNA inaingilia wapi, hebu fikiria mkahawa mkubwa wa mjini. Meneja ana kitabu kimoja cha mapishi yote, na hakiruhusiwi kutoka ofisini mwake. Chakula fulani kikihitajika, karani hunakili pishi hilo kwenye kijikaratasi na kukipeleka jikoni. Mpishi hukisoma na kupika.

Katika seli, kitabu kikuu ni DNA. Kila pishi ni jeni moja, na binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Kijikaratasi kinachopelekwa jikoni ni RNA ya ujumbe. Chakula chenyewe ni protini.

Sasa fikiria kwamba katika mkahawa huo kuna msimamizi ambaye kazi yake ni kuvipitia vijikaratasi. Akipewa amri, hukishika kijikaratasi fulani akakikalia, au akakirarua kabisa. Kitabu cha meneja hakijaguswa, unga na mafuta yapo, mpishi yupo, lakini chapati hazipikwi. Jeni ipo, ila imenyamazishwa.

Seli zina msimamizi wa aina hiyo. Ni kundi la protini linalobeba kipande kifupi cha RNA chenye takriban herufi 22 tu za kikemikali. Kipande hicho ni kama picha ya mtu anayesakwa na polisi. Kundi hilo hupita likilinganisha herufi zake na za kila RNA ya ujumbe linayokutana nayo. Zikioana, ujumbe huo huzuiwa au kuharibiwa.

Vipande hivyo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe huitwa maikro-RNA. Wataalamu wanaamini kwamba zaidi ya nusu ya jeni zetu za protini husimamiwa kwa njia hii.

Maua yaliyokataa rangi

Elimu hii haikuanzia kwenye ubongo. Ilianzia kwenye maua.

Mnamo mwaka wa 1990, Richard Jorgensen na wenzake huko California walitaka kukoleza rangi ya zambarau ya maua ya petunia. Waliongeza jeni ya rangi hiyo. Ajabu ni kwamba baadhi ya maua yalitoka meupe kabisa, na mengine yakawa na mabaka. Ile jeni ya ziada ilikuwa imejinyamazisha, na ikainyamazisha hata ile ya asili.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana mwaka wa 1998. Andrew Fire na Craig Mello, pia wa Marekani, walikuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa udongoni mwenye urefu wa milimita moja. Waligundua kwamba wakimdunga RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana, inayolingana na jeni fulani, jeni hiyo hunyamaza. Walipochagua jeni ya protini ya misuli, mnyoo alianza kutetemeka, sawa na mnyoo aliyezaliwa na kasoro katika jeni hiyo.

Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2006, miaka minane tu baada ya kuuchapisha.

Wakati huo kulikuwa na habari nyingine iliyopuuzwa. Mwaka wa 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun walikuwa wameonyesha kwamba mnyoo huyo huyo ana jeni isiyotengeneza protini yoyote. Inachotoa ni kipande kifupi cha RNA kinachozuia jeni nyingine. Wengi waliona hayo kuwa ni mambo ya minyoo tu. Lakini mwaka wa 2000 kipande kingine cha aina hiyo kilipatikana kwa wanyama wengi, akiwemo binadamu. Ambros na Ruvkun walitunukiwa Nobel mwaka wa 2024.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mbinu hii inajulikana zaidi mashambani kuliko hospitalini. Watafiti wa Kenya na Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, waliitumia kutengeneza mihogo inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi. Mhogo huo hunyamazisha jeni za virusi vinavyoleta ugonjwa. Mnamo Juni 2021, mamlaka ya Kenya inayosimamia viumbe vilivyobadilishwa jeni iliidhinisha mihogo hiyo.

Lakini ikiwa mhogo unaweza kutumia RNA kunyamazisha virusi, ubongo unaitumia kunyamazisha nini?

Konokono, inzi na panya

Mtu aliyefungua mlango wa utafiti wa kumbukumbu katika seli ni Eric Kandel wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alimchagua konokono mkubwa wa baharini aitwaye Aplysia, kwa sababu mfumo wake wa neva una seli zipatazo 20,000 tu, na nyingine ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka wa 2000.

Kandel na wenzake waligundua kwamba konokono anaposhtuliwa, kemikali iitwayo serotonini humiminwa kwenye sinapsi. Ikimiminwa mara moja, sinapsi huimarika kwa dakika chache tu. Ikimiminwa mara tano, kukiwa na mapumziko kati ya mara moja na nyingine, huimarika kwa zaidi ya siku nzima. Mapumziko hayo utayakuta tena mbele, kwa hiyo yaweke akilini.

Mwaka wa 2009, Priya Rajasethupathy, akifanya kazi katika maabara ya Kandel, alionyesha breki iko wapi. Seli za konokono huyo zina maikro-RNA iliyopewa nambari 124. Kazi yake mojawapo ni kuizuia protini iitwayo CREB, ambayo ndiyo swichi inayowasha jeni za kujenga kumbukumbu ya kudumu.

Serotonini ilipomiminwa, kiasi cha maikro-RNA hiyo kilipungua, na CREB ikapata nafasi ya kufanya kazi. Watafiti walipoiongeza kwa makusudi, sinapsi zilishindwa kuimarika ipasavyo. Walipoizuia, ziliimarika zaidi. Hiyo ndiyo breki, na huko ndiko kuilegeza.

Kwa inzi wadogo wa matunda, habari ni kama hiyo. Mwaka wa 2006, Shovon Ashraf, Sam Kunes na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafunza inzi kuhusisha harufu fulani na mshtuko wa umeme. Inzi walipokuwa wakijifunza, protini moja muhimu ya yule msimamizi wa vijikaratasi ilivunjwavunjwa kwenye sinapsi zenyewe. Msimamizi alipoondolewa, protini za kujenga kumbukumbu zilianza kutengenezwa papo hapo.

Utaona, msomaji, jinsi mpango huu ulivyo wa busara. Sinapsi iko mbali na ofisi ya meneja. Kungojea kijikaratasi kipya kila mara kungechelewesha mambo. Kwa hiyo seli hutuma vijikaratasi mapema hadi kwenye matawi yake, vikakaliwa huko. Somo likija, msimamizi wa tawi lile tu huinuka, na chakula hupikwa pale pale panapohitajika.

Mwaka huo huo wa 2006, Gerhard Schratt, Michael Greenberg na wenzao walichunguza seli za panya kutoka hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kuhifadhi mambo mapya. Walipata maikro-RNA nambari 134 ikiwa karibu na vichomozo vidogo vinavyopokea ujumbe wa sinapsi. Ilikuwa ikizuia protini inayovikuza vichomozo hivyo. Seli zilipopewa kichocheo ambacho ubongo hutoa unapochangamka, kizuizi hicho kililegea.

Miaka minne baadaye, kikundi cha Li-Huei Tsai katika taasisi ya MIT kilionyesha kwamba panya waliokosa jeni fulani ya ubongo walikuwa na maikro-RNA 134 nyingi kupita kiasi, na kumbukumbu yao ilikuwa dhaifu. Ilipopunguzwa, kumbukumbu yao ilirudi.

Binadamu pia ana maikro-RNA hizo mbili, 124 na 134. Hata hivyo, ni lazima tuseme wazi kwamba hakuna anayeweza kuchokora sinapsi za mtu aliye hai ili atazame breki zikilegea darasani. Yale tunayojua yametokana zaidi na wanyama.

Je, breki zikiondolewa zote?

Huenda sasa unajiuliza: ikiwa maikro-RNA huzuia kumbukumbu, si tuziondoe zote tuwe na watoto wenye akili kama sumaku?

Wanasayansi walijiuliza hivyo pia. Katika kila seli kuna kimeng'enya kiitwacho Dicer, ambacho hukata RNA ndefu kuwa vipande vifupi. Bila Dicer, maikro-RNA karibu zote hukosekana. Mwaka wa 2010, Witold Konopka na wenzake waliizima jeni ya Dicer katika ubongo wa mbele wa panya waliokwisha kukomaa. Bila kutarajiwa, panya hao walikumbuka masomo yao vizuri kuliko wenzao.

Habari njema ziliishia hapo. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba panya wakikosa Dicer katika sehemu hiyo, seli zao za ubongo huanza kudhoofika na kufa. Protini moja yao ilibadilika kwa namna inayofanana na ile inayoonekana katika ugonjwa wa Alzheimer.

Ndivyo ilivyo kwa gari lolote. Matatu isiyo na breki hushuka mlima kwa kasi kuliko nyingine zote, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayeipanda. Breki za ubongo huzuia pia mambo ya kipuuzi yasichukue nafasi ya yale ya maana. Kusahau, kwa kiasi chake, ni sehemu ya afya.

Mtahiniwa afanye nini?

Turudi kwa yule mtoto anayekesha. Kwa kuwa kumbukumbu ya kudumu huhitaji breki zilegezwe na protini zijengwe, muda ni sehemu ya somo.

Mwaka wa 1994, Tim Tully na wenzake wa Marekani waliwafunza inzi somo moja mara kumi. Kikundi cha kwanza kilipewa mapumziko ya dakika 15 kati ya somo moja na jingine. Cha pili kilifunzwa mara kumi mfululizo bila kupumzika. Idadi ya masomo ilikuwa sawa. Waliopumzika walikumbuka hata baada ya siku saba. Waliofululiza walisahau mapema, na kumbukumbu yao haikuwa ile inayojengwa kwa protini mpya.

Kwa binadamu jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka wa 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alieleza kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Wahenga wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Siku hizi tunajua kwamba kile kibaba kina kifuniko, na hufunguka kidogo kidogo.

Usingizi nao ni sehemu ya kazi. Mwaka huo wa 1994, watafiti wa Marekani walipima seli za hipokampasi za panya waliokuwa wakitembea, kisha wakazipima walipolala. Seli zilizokuwa zikifanya kazi pamoja mchana zilifanya kazi pamoja tena usingizini, kana kwamba ubongo ulikuwa ukidurusu safari ile. Mtoto anayetafuna miraa ili asilale anajinyima durusu hiyo.

Kwa hiyo, mzazi, haya ndiyo ya kufanya:

Msaidie mtoto kugawa somo. Nusu saa kila siku kwa siku sita ina faida kuliko saa tatu za usiku mmoja.

Mwache apumzike kidogo baada ya kila somo, badala ya kurukia jingine au kushika simu papo hapo.

Mwambie afunge daftari na ajiulize maswali. Kulitafuta jibu kichwani humfaa kuliko kuusoma ukurasa huo huo mara ya tano.

Mlaze mapema, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Kijana wa shule ya upili anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi.

Na kuhusu tembe za "kufungua akili", usipoteze pesa. Hakuna tembe dukani inayojulikana kulegeza breki hizi kwa mtoto mwenye afya. Dawa za kuchangamsha zinazotolewa kwa baadhi ya wagonjwa zina madhara, na hazifai kutumiwa bila daktari. Ikiwa mtoto ana shida ya kweli ya kushika masomo, mpeleke apimwe macho, masikio na damu. Kutoona ubaoni, kutosikia au kupungukiwa na damu kunaweza kufanana sana na uzito wa akili.

Na mzee anayesahau?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Hawa ni baba zetu, mama zetu na nyanya zetu.

Huku kwetu kusahau kumekuwa hatari kwa namna nyingine. Katika sehemu za Kilifi na Kisii, wazee wameshambuliwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayetoka nje usiku bila kujua aendako, au anayezungumza peke yake, anaweza kutiliwa shaka kwa urahisi. Tafadhali, msomaji, ukimwona mzee wa aina hiyo, mwite jamaa yake na umpeleke hospitali. Ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine.

Tena si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni inayofanya kazi kwa uzembe, huzuni ya muda mrefu, pombe, kaswende ya zamani, na hata baadhi ya dawa zinaweza kumfanya mtu asahau. Mengi kati ya haya hutibika. Ndiyo maana kumpima mzee ni muhimu kuliko kumnunulia tembe kwa kubahatisha.

Kuna pia mambo ya kujikinga nayo tangu ujana. Tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mwaka wa 2024 mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya maradhi haya. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kutofanya mazoezi, upweke, kutosikia vizuri na kuumia kichwa. Wewe unayepanda bodaboda bila kofia ngumu, jambo hilo la mwisho linakuhusu.

Dawa ziko njiani?

Kunyamazisha jeni kwa RNA sasa ni tiba halisi kwa maradhi mengine. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, patisiran, kwa ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu neva. Nyingine, inclisiran, hupunguza kolesteroli mbaya, na baada ya dozi za mwanzo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka.

Dawa hizo mbili hufanya kazi kwenye ini, ambako ni rahisi kufika. Ubongo umezungukwa na ukuta unaozuia vitu vingi vilivyo katika damu, na RNA haipenyi humo kwa urahisi. Njia moja ya kuukwepa ukuta huo ni kudunga dawa kwenye maji ya uti wa mgongo.

Mwaka wa 2023 kampuni ya Alnylam ilitangaza matokeo ya awali ya jaribio la aina hiyo kwa watu waliopata Alzheimer mapema maishani. Dozi moja ilipunguza sana protini ambayo vipande vyake hurundikana katika ubongo wa mgonjwa. Ilikuwa hatua kubwa, kwani ilithibitisha kwamba jeni inaweza kunyamazishwa katika ubongo wa binadamu kwa njia hii. Lakini kupunguza protini ni jambo moja, na kumrudishia mtu kumbukumbu yake ni jambo jingine. Hilo bado linachunguzwa.

Tahadhari ya wale panya wasio na Dicer isisahaulike. Maikro-RNA moja husimamia jeni nyingi kwa pamoja. Ukigusa breki moja, huenda ukalegeza zote. Atakayekuja kwako leo akidai ana dawa ya RNA ya kuongeza akili, mwulize imeidhinishwa na nani, kisha ufunge mlango.

Kwa sasa, dawa bora ya kumbukumbu haiuzwi. Somo dogo la leo, pumziko, usingizi, kisha kulirudia kesho na keshokutwa: hiyo ndiyo njia ambayo ubongo wenyewe huitumia kulegeza breki zake. Mtoto wako akifunga kitabu saa tatu za usiku na kuomba kwenda kulala, usimwite mvivu. Mzimie taa. Kazi ya kujenga alichokisoma inaendelea.